Gamba la Kushoto

Miaka mitatu nilikuwa mwizi
mwenye kisu kifupi na viatu vya manyoya,
kila Alhamisi, ghorofa ya nne,
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa, mjini Łódź.
Kisha nikasema: sasa nataka kuwa joka.

Halszka, mwendesha mchezo, muuguzi wa zamu za usiku,
alinitazama juu ya miwani. "Una hakika?"
Nilikuwa na hakika. Mchana kutwa nasoma mita za maji,
nafungiwa milango usoni na vikongwe wenye paka.
Nilikuwa na hakika kabisa.

Karatasi moja haikutosha, tukabandika ya pili.
Mbawa: upana wa uwanja wa mpira.
Moto: rusha dadu kumi na mbili, ujumlishe.
Magamba: mishale iteleze kama mbaazi juu ya bati.
Umri: miaka mia tisa, na bado kijana.

Usiku wa kwanza, lo!
Ule mlima ambao mwizi wangu aliukwea Alhamisi nne,
baridi ikamla vidole viwili vya mguu,
niliuvuka kabla chai haijapoa.
Jeshi la mfalme liliniona
likakumbuka shughuli nyumbani.

Usiku wa pili wenzangu waliingia kilabuni
kuulizia daraja lililovunjika.
Mlango ulikuwa wa kimo cha binadamu.
Nikabaki nje, mvuani, nikilizunguka jengo
kama ng'ombe aliyealikwa harusini.
Ndani, Ziemowit aliimba hadi mwenye kilabu akalia;
Bronka alishinda mbuzi kwenye karata
(mbuzi huyo tunaye hadi leo, ana jina, ana maoni),
nami nilichungulia dirishani kwa jicho moja,
la pili halikuenea.
"Joka linafanya nini?" Halszka akauliza.
"Linasubiri."
Nikala chipsi za wote.

Joka halinyati.
Joka likipiga chafya, ghala la mtu limekwisha.
Joka hula ng'ombe, na ng'ombe ana mwenyewe,
na mwenyewe ana binamu, na binamu wana mikuki.
Kila kijana anayetaka kuoa
huja kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa wakwe.
Mkubwa jalala, wahenga walisema;
hawakusema jalala nalo huwa na upweke.

Na baya zaidi, dadu.
Zamani nilizipulizia, nilizisihi, nilizitukana,
na kwa sarafu tano za shaba nilipiga kelele
hadi jirani akagonga ukuta.
Sasa nikirusha, hakuna anayeinama kutazama.
Hata mimi.

Wiki ya sita, Kostek akiwa chooni,
nilichukua raba.
Kwenye mchoro, chini ya kwapa la kushoto,
nilifuta gamba moja.
Raba ilikuwa mbovu, ikaacha doa la kijivu,
karatasi ikachubuka.
Halszka aliona. Muuguzi huona.
Aliandika neno moja daftarini
akalifunika kwa kiganja.

Alhamisi iliyofuata, pale darajani,
akaja kijana mmoja anayetaka kuoa.
Hakuwa na jeshi. Alikuwa na mkuki wa babu yake.
Halszka akarusha dadu nyuma ya ubao wake,
akanyamaza zaidi ya ilivyo kawaida yake.
Nikasimama. Kiti kikaanguka.
Bronka akanishika mkono, mkono wangu hasa,
wenye wino wa risiti za maji.

"Upande gani?" akauliza Kostek.
Mbilikimo wake hanifiki hata gotini.
"Kushoto. Chini ya kwapa."
"Tangu lini?"
"Tangu ulipokwenda chooni."
Akatukana kwa furaha,
akasukuma kijisanamu chake cha bati, polepole,
kupita chupa, kupita maganda ya machungwa,
hadi kikagusa ubavu wangu.

Dadu zikaanza kuviringika.
Wote tukainama.
Jirani akagonga ukuta.